Somo: Kutoa kaboni na shaba kwenye mtutu wa bunduki

Somo hili ni la bunduki za bolti (kipande cha nyuma kinachofunga chemba, unachokivuta kwa mkono) zenye mtutu wa mifuo, yaani mistari ya mzunguko iliyochongwa ndani, na mfano wetu ni ya risasi za .30-06, saizi ya kama inchi 0.30. Bunduki za marisau zina utaratibu wake.

Kila risasi ikitoka huacha uchafu wa aina mbili. Baruti huacha kaboni: masizi meusi ambayo kwenye koo la mtutu, mbele tu ya chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa), hupikwa na joto mpaka yakawa ukoko. Kichwa cha risasi nacho kimevikwa shaba nyekundu yenye zinki kidogo, na kikisuguana na mifuo huacha utando wa shaba. Risasi inayofuata huweka kaboni juu ya shaba hiyo, na nyingine shaba juu ya kaboni, tabaka kwa tabaka. Dawa ya shaba haipenyi kaboni. Ukianza na shaba, unamwaga dawa bure.

Vifaa. Rodi ya kipande kimoja, iliyovikwa plastiki au ya chuma chenye uso laini. Zile za kuunganisha vipande hupinda na viungio vyake hukwaruza. Bomba la kuongozea rodi, linalokaa mahali pa bolti. Brashi ya bronzi na ya nailoni, zote saizi ya .30. Vitambaa vya pamba vya kama sm 5 kwa 5: kikipita bila kukaza ni kidogo, kikigoma kipunguze. Dawa ya kaboni, dawa ya shaba yenye amonia, mafuta ya bunduki, glovu na miwani. Fanyia kazi mahali penye hewa.

Hatua ya 1. Toa magazini, fungua bolti, tazama chemba kwa macho na uipapase kwa kidole. Risasi zote ziwe chumba kingine. Kisha chomoa bolti.

Hatua ya 2. Laza bunduki mdomo ukiinama kidogo, dawa isirudi kwenye kifyatulio na mbao za kitako. Ingiza bomba la kuongozea. Hapa msifanye haraka. Rodi isiyoongozwa husugua koo upande mmoja, na mitutu mingi mizuri huharibiwa hivyo wakati wa kusafishwa.

Hatua ya 3. Lowesha kitambaa kwa dawa ya kaboni, kisukume kutoka chemba hadi mdomoni, kitoe pale pale. Usikivute kurudi, utarudisha uchafu. Pitisha viwili au vitatu, uache dakika 10 hadi 15.

Hatua ya 4. Dondoshea dawa brashi ya bronzi (usiichovye chupani, utachafua dawa yote) na uipitishe mara 10, kwenda na kurudi. Brashi itoke nje kabisa ndipo uirudishe. Ukigeuza katikati, nywele zake hupinda na inaweza kukwama. Inaporudi ivute taratibu, rodi isilale kwenye ukingo wa mdomo. Ukingo ukilika upande mmoja, gesi hutoka bila usawa na kukipotosha kichwa cha risasi. Koo liongezee mizunguko michache. Pitisha vitambaa vikavu mpaka vipungue weusi.

Hatua ya 5. Sasa shaba. Tumia brashi ya nailoni, kwa sababu amonia hula bronzi na kitambaa kitatoka buluu hata kama mtutu ni safi. Ncha ya rodi ya shaba hudanganya vivyo hivyo. Acha dawa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, usizidishe, na usiiache ilale humo usiku kucha: amonia kali inaweza kutia chuma vidoa. Kitambaa kikitoka buluu, shaba inayeyuka. Kausha, rudia hatua ya 3 na ya 4, kisha shaba tena, mpaka kitoke bila rangi.

Hatua ya 6. Mulika tochi upande wa chemba na utazame mdomoni. Michirizi myekundu juu ya mifuo ni shaba iliyobaki. Pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo, futa chemba ikauke, paka grisi nyembamba nyuma ya meno ya bolti.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mafuta ya taa hayatoshi?
Hulainisha masizi mapya, lakini shaba hayaigusi. Na tafadhali ndugu zangu, Jik isisogee kabisa. Inakula chuma, na ikikutana na amonia hutoa gesi ya sumu.

Nimesafisha vizuri, risasi ya kwanza ikaenda pembeni. Kwa nini?
Kuna mafuta mtutuni, au mtutu mtupu bado haujapata utando wake mwembamba. Pitisha kitambaa kikavu kabla ya kupiga, kisha piga risasi mbili tatu kwenye shabaha ndipo uamini darubini. Mafuta mengi mtutuni pia hupandisha shinikizo, ni hatari.

Yangu haifunguki nyuma, rodi haipiti. Nifanyeje?
Tumia kamba ya kuvuta, uingize upande wa chemba na kuvuta kuelekea mdomoni, sawa na mstari wa mtutu. Ukilazimika kupitia mdomoni, weka kilinda mdomo.

Niko Tanga, nina risasi za zamani za kijeshi. Mtutu unashika kutu hata nikisafisha.
Fataki (viwashio vya baruti kwenye kitako cha risasi) za risasi nyingi za zamani huacha chumvi inayovuta unyevu, na hewa ya pwani inayo tele. Dawa nyingi za mafuta haziyeyushi chumvi. Siku hiyo hiyo pitisha vitambaa vyenye maji ya moto, kausha kabisa, ndipo uanze hatua ya 3. Bolti nayo ifutwe hivyo hivyo, kisha paka mafuta na ukague tena kesho yake.

Nimerudia mizunguko sita, buluu haiishi.
Badili ncha ya rodi kwanza, weka ya plastiki au iliyopakwa nikeli. Buluu ikiendelea, kaboni imefunika shaba: rudi kwenye dawa ya kaboni na uipe muda mrefu zaidi. Mtutu wenye vishimo vya kutu hushika shaba haraka kila upigapo. Huo mpeleke kwa fundi mwenye leseni aukague.