Lubugo: kutengeneza nguo ya gome la mutuba, kuanzia mtini hadi kabatini

Kabla merikani na bafta, vitambaa vya pamba vya kigeni, hazijapandishwa bara na misafara ya pwani, watu wa Buganda, ufalme ulio katika Uganda ya leo, walivaa mti. Waliuvua gome, wakaligonga mpaka likapanuka kama shuka, wakalianika likaiva rangi ya matofali, kisha wanaume wakalifunga begani na wanawake wakaongeza mshipi kiunoni. Nguo hiyo inaitwa lubugo. Zikiwa nyingi, mbugo. Haina uzi uliosokotwa wala haikupita kwenye mtambo wa kufuma. Ndiyo maana ufundi huu huhesabiwa kuwa mkongwe kuliko kufuma kwenyewe.

Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walifika kwa Kabaka, yaani mfalme, Suuna wa Pili mwaka 1844, na vitambaa vyao vya pamba vikaanza kuisogeza lubugo pembeni. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waganda wakawa wanalima pamba wenyewe. Lubugo ukabaki kwenye kutawaza wafalme, tiba za jadi, mazishi na mikusanyiko ya mila. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa rasmi kwenye orodha yake. Wenye kazi yenyewe kwa asili ni ukoo wa Ngonge, yaani fisi maji, chini ya fundi mkuu wa kurithi anayeitwa Kaboggoza. Hata hivyo mti haukuulizi ukoo wako. Ukiwa na mutuba shambani na mikono isiyoogopa kuchoka, utapata nguo.

Kumbuka jambo moja tangu mwanzo, kwa kuwa karibu kila kosa linatoka hapo: wakati wa kuutengeneza, adui wa lubugo ni ukavu, ukishakuwa nguo, adui ni maji.

Mti

Mutuba ni ndugu wa mkuyu. Wataalamu wa mimea huuita Ficus natalensis. Hupandwa kwa tawi, si kwa mbegu. Kata tawi lililonyooka, nene kama kifundo cha mkono, lenye urefu wa mita 2 hivi, ulichomeke ardhini mvua zinapoanza. Tawi fupi litaota pia, lakini mbuzi watalimaliza. Sehemu nzuri ni katikati ya migomba na mibuni: mutuba unaipa kahawa kivuli, na mgomba utakupa majani utakayoyahitaji katika hatua tatu za kazi hii.

Mti mchanga una kazi moja tu inayokuhusu, nayo ni kupogoa. Kila kitawi kinachochipuka kwenye shina kiondoe kingali laini, kwa kisu, mapema. Ukikiacha kinenepe, kitaacha kovu la mviringo kwenye gome, na kovu hilo halipanuki kwa nyundo. Litatoboka. Shina safi la mita 2 bila kovu lina thamani kuliko mti mkubwa wenye vifundo.

Usiuvune kabla shina halijafikia unene wa paja la mtu mzima. Na usivunjike moyo kwa mavuno ya kwanza: gome la kwanza ni nene, gumu, na nguo yake huwa ya hovyo. Gome linaloota baada ya hapo ndilo laini, na mti uliotunzwa huvunwa mara moja kwa mwaka kwa miaka mingi.

Kuvua gome

Vuna katika mvua, ama ile ya Machi hadi Mei, ama ile ya Septemba hadi Novemba. Wakati huo mti umejaa maji na gome limelegea juu ya shina. Wakati wa kiangazi gome hung'ang'ania. Ukililazimisha linachanika vipande, na shina lililobaki uchi hukauka kabla halijajifunika. Asubuhi ni bora kuliko mchana kwa sababu hiyo hiyo.

Anza kwa kukwangua ganda la nje, lile la kijivu lenye magamba, kwa makali ya kisu yaliyolazwa. Kwangua mpaka uone rangi ya kijani, kisha weupe wenye unyevu. Utomvu mweupe utatoka na kunata mikononi. Mafuta kidogo ya kupikia yatautoa baadaye, sabuni peke yake haitoshi. Ukikwangua kidogo mno, magamba yatakuja kuwa chembe ngumu ndani ya nguo. Ukikwangua mno, umeshatoboa.

Sasa kata mduara chini, karibu na ardhi, na mwingine juu, pale matawi yanapoanzia. Unganisha miduara hiyo kwa mkato mmoja ulionyooka kutoka juu hadi chini. Kisu kiishie kwenye gome, kisiguse mti. Utajua umefika unapohisi kisu kinateleza badala ya kukata. Hapo kiweke chini, maana kazi ya chuma imekwisha. Kubandua hufanywa kwa kabari iliyochongwa kutoka kwenye shina la mgomba, iliyo laini na yenye maji. Isukume taratibu chini ya gome, ukianzia kwenye ule mkato wima na kuzunguka shina. Gome litatoka zima kama mkono wa shati unaovuliwa.

Sababu ya kutumia mgomba badala ya panga iko chini ya gome. Shina lililovuliwa limefunikwa na utando mwembamba wenye utelezi, na utando huo ndio utakaozaa gome la mwaka ujao. Panga likiukwaruza, hapo patakuwa na jeraha, na jeraha litakuwa tundu kwenye nguo utakayovuna mwakani. Usiuguse kwa vidole wala kuufuta kwa kitambaa.

Funika shina papo hapo, kabla hujashughulika na gome. Chukua majani mabichi ya mgomba, yazungushe kutoka chini kwenda juu yakipandana kama vigae, yafunge kwa kamba ya mgomba bila kukaza sana. Yaache kama wiki moja. Ukiyafungua ukakuta shina lina rangi ya kijani iliyofifia au ya kahawia na limekauka kwa juu tu, gome jipya limeshaanza. Ukiona weusi na harufu ya kuoza, majani yalifungwa kwa kubana na maji yakatuama. Ukiona weupe uliopasuka, jua liliingia.

Moto kidogo

Gome bichi ni gumu kama ngozi mbichi. Lilainishe kwa joto. Njia ya zamani ni kuwasha majani makavu ya mgomba, ambayo huwaka kwa mwali mrefu wa haraka usio na makaa, na kulipitisha gome juu yake pande zote mbili. Siku hizi wengine hulichemsha kwenye pipa lililokatwa. Kuchemsha ni rahisi kwa anayeanza kwa sababu joto huenea sawasawa. Mwali unadai mkono mwepesi, na ukikawia mahali pamoja nyuzi zinaiva na kukatika baadaye chini ya nyundo. Kuni za kawaida usitumie: zina joto kali na masizi yanayobaki kwenye nguo.

Likishalegea, likunje, lifunge ndani ya majani mabichi ya mgomba. Kama huna nafasi ya kugonga siku hiyo, litakaa hivyo hadi kesho. Kuliacha wazi usiku ni kulipoteza.

Kugonga

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Unahitaji banda lililo wazi pembeni lakini lenye paa, gogo refu lenye mgongo uliosawazishwa, na nyundo tatu za mti mgumu. Banda si la kumstarehesha fundi. Ni kwa ajili ya gome: likipigwa jua kabla ya wakati, kingo hukauka kwanza, na kingo zikikauka katikati ikiwa bado inapanuka, nguo inapasuka kutoka ukingoni.

Nyundo hizo, ensaamo kwa Kiganda, zina umbo lisilofanana na nyundo ya seremala. Kichwa ni cha duara, na mwili wake wote umechongwa mifereji iliyozunguka. Ya kwanza ina mifereji mipana na ya kina. Ya pili ni ya wastani. Ya tatu mifereji yake ni myembamba, imesongamana. Ishike moja uitazame kwa karibu: matuta yaliyo kati ya mifereji ndiyo yanayoingia kati ya nyuzi za gome na kuzitenganisha bila kuzikata. Nyundo yenye uso bapa ingeziponda tu.

Nyuzi za gome zimelala kwa urefu wa shina. Kwa hiyo kugonga huongeza upana sana na urefu kidogo. Gome la upana wa nusu mita laweza kufika mita 2. Lilaze gome juu ya gogo ukiwa na nyundo ya kwanza, anzia katikati, sogea kuelekea ukingoni, kila pigo likifunika nusu ya alama ya pigo lililotangulia. Usirudie mahali pamoja. Pigo ni la uzito wa nyundo, si la nguvu ya bega. Anayepiga kwa hasira atachoka baada ya nusu saa na nguo yake itakuwa na matundu. Gome likianza kuenea, likunje mara mbili, ugonge tabaka zikiwa pamoja, ulikunjue, uligeuze.

Wakati wa kubadili nyundo hupimwa kwa kidole, si kwa saa. Vuta kipande kati ya vidole viwili: kikinyumbulika kama ngozi laini na ukiona mwanga kidogo ukikiinua, chukua nyundo ya pili. Kuchelewa na nyundo ya kwanza huleta matundu. Kuharakisha kwenda kwenye ya tatu huleta nguo iliyo laini juu na ngumu ndani, ambayo ikikauka inakuwa kama ubao. Kosa la pili ndilo la kawaida zaidi, hasa kwa mbugo zinazotengenezwa haraka kwa ajili ya wageni.

Katikati ya hatua, likamue gome kwa mikono kama unayekamua nguo iliyofuliwa, kisha livute kwa pande, watu wawili wakisimama wakitazamana. Likionekana kukauka, linyunyizie maji kidogo au lifunge ndani ya majani kwa dakika chache. Nyundo ya tatu humalizia, ikiacha mistari midogo sana inayofanana na ya kitambaa cha kodroi. Kazi nzima huchukua saa nyingi za siku. Mafundi wawili au watatu kwenye gogo moja hupokezana mapigo kwa zamu, na mlio wake husikika mbali. Kijiji cha Nsangwawo, wilayani Bukomansimbi, kinajulikana kwa kazi hii.

Jua na viraka

Sasa jua linaruhusiwa. Tandaza nguo kwenye nyasi fupi au majani safi, weka mawe kwenye kingo ili isijikunje, uigeuze mara kwa mara. Gome lililotoka mtini likiwa jeupe-manjano litaanza kugeuka mbele ya macho yako: kwanza rangi ya asali, halafu kahawia, halafu ule wekundu wa udongo. Siku moja haitoshi. Mbili au tatu za jua kali hutoa rangi iliyokolea. Upande usiogeuzwa hubaki umepauka. Mvua ikikushtua, ikusanye bila kuikunja kwa kubana, vinginevyo mikunjo inabaki kama mistari myeusi. Mbugo za wafalme na wakuu wakati mwingine zilitiwa rangi nyeupe au nyeusi, lakini wekundu huu hauhitaji dawa yoyote.

Matundu yatakuwepo. Kata kingo za tundu ziwe nadhifu, kata kiraka kutoka kwenye mabaki ya gome lile lile, na ushone kwa uzi mwembamba wa mwale, mishono ikiwa karibu. Nyuzi za kiraka zielekee upande ule ule wa nyuzi za nguo. Zikikingamana, kiraka kitavuta na kukunja sehemu inayokizunguka. Kiraka si aibu, bali hudai bei ndogo. Mapazia makubwa, kama yale ya makaburi ya Kasubi jijini Kampala yanayowatenga wafalme wa Buganda waliolala nyuma yake, ni mbugo nyingi zilizoshonwa pamoja.

Ukinunua, na ukishakuwa nao

Sokoni, inua lubugo mbele ya mwanga. Unene uwe sawa; mabaka ya giza ni sehemu ambazo nyundo ilizipita, na vijitundu vya mwanga ni mahali palipopigwa mno. Hesabu viraka. Kisha ukunje pembe na kuiachia: mzuri hufunguka taratibu bila kukwaruza, wa haraka hulia kama karatasi.

Usiufue. Nyuzi zimeshikana kwa kugongwa tu, na zikilowa kisha zikasuguliwa zinaachana. Vumbi lipanguse kwa brashi laini, doa ulifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo bila kusugua. Mikunjo iondoe kwa pasi ya joto la wastani, ukiweka kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kidogo juu yake. Ukishona mkoba au kofia, tia bitana ya pamba, kwa sababu lubugo huvumilia mvuto wa upana vibaya kuliko wa urefu, na mkanda ukatwe kufuata nyuzi, kamwe usikingame.

Kabatini usiukunje mara nne kama shuka. Uviringishe kwenye bomba la kadibodi, uufunge kwa kitambaa cha pamba na si nailoni, na kila mvua zinapokwisha uutoe upate hewa kivulini kwa saa kadhaa.