Kabla hujachukua mkopo wa kulipa kila siku

Ndugu zangu wa Kiboriloni na Mbuyuni, hapa Moshi wengi wanaozidiwa na kausha damu, yaani hii mikopo ya kulipa kila siku, si wavivu wala si walevi. Wanapiga hesabu kwa siku nzuri.

Jirani yangu wa mitumba alinionyesha daftari lake. Alipewa 300,000, arudishe 12,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 360,000. Akajiambia, elfu sitini tu. Lakini marejesho yanaanza kesho yake, mzigo haujauzwa, kwa hiyo zile za mwanzo anazitoa kwenye mkopo wenyewe. Siku ya 15 ameshalipa 180,000. Kwenye hela ya mkopo amebaki na 120,000, na bado anadaiwa nyingine 180,000. Wiki ya tatu mvua ya masika ikanyesha siku tatu mfululizo. Kwenye daftari, alichopata siku hizo: 4,000, 0, 3,500. Faini ikaingia. Akakopa kwingine alipie kule, na hapo ndipo mtu anapopotelea kabisa.

Fanya hivi: andika faida ya siku zako 14, toa chakula na nauli, halafu tazama siku tatu mbovu kuliko zote. Kama rejesho haliingii hapo, omba kulipa kwa wiki au punguza mkopo. Uliza leseni ya Benki Kuu na mkataba ulioandikwa faini. Na ukiona umekwama, mfuate afisa wa mkopo mapema umweleze, kabla hujagusa mkopo wa pili. Tafadhali sana, huo wa pili usiuguse.