Pima mbinu yako ya kujumlisha Fourier kwa kikokotoo kabla ya kuiamini

Stima ilikuwa imepotea hapa Umoja. Mpwa wangu akasogeza daftari karibu na taa ya sola. "Mjomba, nimejumlisha mpaka vipande mia, na hapa kwenye kona bado linapita juu."

Alikuwa anachora wimbi mraba, lile linalotolewa na inverta za bei nafuu, kwa njia ya Fourier: unajumlisha mawimbi laini ya sin, ndivyo vipande, mpaka yakaribie umbo unalotaka. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Ule mruko, karibu asilimia 9 ya kimo cha ukuta (pale wimbi linapopanda ghafla kutoka −1 hadi 1), haupungui hata uongeze vipande vingapi. Unasogelea ukuta tu. Mwanasayansi Gibbs aliueleza mwaka 1899.

Nawe fanya kama tulivyofanya. Weka kikokotoo kwenye radiani, uandike

4/π × (sin x + sin 3x/3 + sin 5x/5 + sin 7x/7 + sin 9x/9)

Weka x = π/10, kwenye kilele chenyewe. Jibu ni 1.182, ilhali wimbi halisi ni 1.

Sasa zidisha vipande hivyo, kwa mfuatano, kwa 0.9, 0.7, 0.5, 0.3 na 0.1. Huo ndio wastani wa Fejér, mwanahisabati wa Hungaria: ni sawa na kuchukua wastani wa jumla zote za hatua za mwanzo. Unapata 0.770, na popote utakapopima hutaona kitu kinachozidi 1. Fejér alikuwa na miaka 20 alipoonyesha, mwaka 1900, kwamba wastani huu hufikia kila fanksheni endelevu (isiyokatika) inayojirudia. Jumla ya kawaida haina ahadi hiyo: mwanahisabati du Bois-Reymond alikwishatoa mfano wa kuikanusha mwaka 1873.

Wanafunzi wengi hufurahi wakaishia hapo. Mimi siwaachi. Ipe mbinu hiyohiyo cos x, wimbi moja laini lisilo na kona. Inakurudishia 0.9 cos x! Sehemu moja ya kumi imeliwa bure. Ukienda mpaka kipande cha 99x, inakula moja ya mia. Hata fanksheni iwe laini namna gani, isipokuwa ile isiyobadilika, kosa la Fejér halishuki kwa kasi kuliko 1/n, n ikiwa idadi ya jumla zilizofanyiwa wastani (kwetu 10). Mbinu imeshiba, ukiiongezea ulaini haina pa kuuweka. Jambo hili ningetaka kila mhandisi alijue kabla hajaandika programu.

Dawa ni ya de la Vallée Poussin, Mbelgiji: acha uzani (ile namba unayozidishia kipande) uwe 1 mpaka kipande cha 5x, kisha ushuke kwa mstari hadi 0 kwenye 10. Kwa vipande vyetu ni 1, 1, 1, 0.6, 0.2. Hapo cos x inarudi nzima, na kosa halizidi mara 4 ya lile la polinomia bora kabisa ya trigonometria ya daraja la 5, yaani jumla bora ya sin na cos isiyopita 5x. Ila kwenye wimbi mraba, penye x = π/10 unapata 1.088, na mbele kidogo, penye x = 0.42, unapata 1.148: mruko umepungua kidogo tu, haujaisha.

Jaribu pia |x| (kutoka −π hadi π, kisha ijirudie) penye x = 0, kwa vipande vilevile mpaka 9. Jumla ya kawaida inakosea kwa 0.063, Fejér kwa 0.291, Vallée Poussin kwa 0.086.

Kwa hiyo, kama kuna ukuta na thamani haziruhusiwi kuvuka mpaka, mchukue Fejér, ukubali ukungu wake. Kama fanksheni ni laini, usimguse.

Mpwa wangu alifuta grafu, akaanza upya kwa 0.9. Kona ilitulia, lakini ukuta wake ulilala kama mteremko. Akauliza kama 0.9 inaweza kuwa 0.95. Nikampa kikokotoo.