Ukihojiwa Polisi: Muda wa Mahojiano, Maelezo ya Onyo na Sahihi Yako

Kesi ya jinai inaweza kuharibika kituoni kabla haijafika mahakamani, kwa sababu karatasi anayoisaini mtuhumiwa siku ya kukamatwa ndiyo itakayosomwa mbele ya hakimu au jaji baada ya miezi mingi. Mwongozo huu unahusu Tanzania Bara, ambako Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ndiyo inayosimamia ukamataji na mahojiano. Zanzibar ina sheria yake.

Unapokamatwa, usishindane na askari kwa nguvu, hata kama unaamini umeonewa. Uliza kwa utulivu unakamatwa kwa kosa gani, na ukariri saa uliyokamatwa. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake.

Kabla ya kukuhoji, mpelelezi anapaswa kukutajia jina na cheo chake, kukueleza kwa lugha unayoielewa vizuri kosa unalotuhumiwa, na kukuonya kwamba hulazimiki kujibu maswali yake na kwamba utakalosema laweza kutumika kama ushahidi. Jina na anwani yako vitaje kwa ukweli. Kuhusu tuhuma zenyewe unayo haki ya kunyamaza. Aidha, una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Polisi wanaweza kukataa mawasiliano hayo iwapo wana sababu ya msingi ya kuamini kwamba mshirika wako atatoroka au ushahidi utapotezwa, lakini kukataa bila sababu ni kuvunja sheria. Omba waziwazi, tena kabla hujaanza kujibu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mahojiano yana muda wake. Muda wa msingi ni saa nne tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, hivyo aliyekamatwa saa mbili asubuhi anatakiwa awe amemaliza kuhojiwa ifikapo saa sita mchana, ingawa baadhi ya vipindi, kama vile safari ya kumpeleka kituoni, havihesabiwi. Msimamizi wa upelelezi anaweza kuongeza muda usiozidi saa nane na anapaswa kukujulisha. Zaidi ya hapo huombwa kwa hakimu. Mahakama ya Rufani imewahi kuyaondoa kwenye ushahidi maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila nyongeza halali, na ndiyo sababu nasisitiza uikumbuke saa.

Ukiamua kuzungumza, majibu yako huandikwa kwenye maelezo ya onyo. Hapa usikubali kuharakishwa. Soma kila ukurasa, na kama hujui kusoma, sisitiza usomewe neno kwa neno kabla ya kuweka dole gumba. Tazama saa iliyoandikwa ya kuanza na ya kumaliza kama ndiyo saa ya kweli. Ukikuta sentensi ambayo hukuisema, au neno “nakiri” mahali uliposema ulikuwepo tu, taka lirekebishwe na utie sahihi pembeni ya marekebisho. Wakikataa kurekebisha, usisaini. Sahihi iliyotolewa kwa kuchoka au kwa kuahidiwa “saini tu uende nyumbani” ni vigumu sana kuifuta baadaye.

Kukiri kwa kupigwa, kutishwa au kuahidiwa si kukiri kwa hiari. Katiba inakataza mateso, na upande wa mashtaka ndio wenye jukumu la kuthibitisha kwamba maelezo yalitolewa kwa hiari. Hata hivyo, pingamizi hutolewa pale maelezo yanapoletwa yapokelewe kama kielelezo, si wakati wa kujitetea. Mwambie wakili wako mapema. Kama umeumizwa, omba fomu ya PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na utibiwe haraka, ili majeraha yaandikwe yangali mabichi.

Ndugu walio nje nao wana kazi. Waulize mtuhumiwa yuko kituo gani na mpelelezi wake ni nani, kisha waombe dhamana ya polisi, ambayo haina malipo yoyote. Kwa kawaida mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kwa kosa lenye adhabu ya kifo, sheria inasema mapema iwezekanavyo. Akishikiliwa kinyume cha sheria, maombi hupelekwa Mahakama Kuu ili polisi waamriwe kumfikisha mbele yake. Asiyemudu wakili awatafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mtuhumiwa akiwa mtoto, mzazi au mlezi aende kituoni mara moja na kudai atengwe na mahabusu watu wazima.