Somo: Kukagua mteremko kabla ya kuupita wakati wa masika

Ndugu wanakikundi, mvua ya leo ndiyo hututisha, lakini mteremko hubeba maji ya wiki nzima. Tope lililoshuka kutoka mlima Kawetele, jijini Mbeya, lilikuja Aprili 2024, mwishoni mwa msimu wa mvua. Kwa hiyo ukaguzi huanza siku kadhaa kabla ya safari: fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha wapigie simu wenyeji uwaulize kama chemchemi zimeongezeka au zimeanza kutoa maji ya tope.

Hatua ya pili ni kupima mwinamo. Simamisha wima fimbo ya mita moja, kisha vuta kamba iliyolala sawasawa kutoka ncha yake hadi iguse ardhi upande wa juu. Kamba ikiwa mita moja, mwinamo ni nyuzi 45. Ikiwa mita mbili, ni kama nyuzi 27, na hapo pia msijione salama.

Hatua ya tatu, ambayo naithamini kuliko zote, ni kusoma matabaka. Kuzunguka mlima Rungwe, mkoani Mbeya, utakuta majivu ya volkano na vijiwe vyepesi vyenye matundu, na chini yake mara nyingi udongo wa mfinyanzi. Maji hupenya upesi juu, yakifika kwenye mfinyanzi hukwama, na tabaka la juu huanza kuelea. Chimba hadi magotini, kisha sokota donge la kila tabaka: likiwa kama kamba bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Mwaka mmoja nusura nitosheke na majani makavu ya juu. Nilipokita jembe, maji yalichuruzika kutoka ukutani mwa shimo kwenye mstari mmoja, kama yanatoka kwenye mshono. Tuligeuza, na baadhi ya wageni niliowaongoza walinuna hadi mjini Tukuyu.

Nyufa za upinde juu ya njia, au miti iliyoinama pamoja, hazihitaji shimo: rudini. Mkilazimika kuvuka, vukeni mmoja mmoja, wengine wakitazama juu.

Maswali ya wanakikundi

Kaka, ndani ya hifadhi tunaruhusiwa kuchimba?
Usichimbe hifadhini. Soma ukingo ambao njia au barabara imeukata. Matabaka yako wazi.

Shamba la migomba si linashikilia udongo?
Mizizi ya migomba ni mifupi, dada. Hupunguza mmomonyoko wa juu, lakini haifiki kwenye mfinyanzi.

Mto ukipungua ghafla wakati mvua inanyesha, si nafuu ya kuvuka?
La hasha. Huenda kifusi kimeziba juu, na kikiachia kitashuka chote kwa pamoja. Toka korongoni kwa kupanda ubavuni, usikimbie kufuata mkondo, na mizigo iacheni.