Kabla hujaagiza samaki wa bahari wanaobadili jinsia, ukiwa Mwanza

Mwanza hatushangai kusikia samaki kabadilishwa jinsia. Vifaranga vingi vya sato vinavyoenda kwenye vizimba vya ziwani hulishwa homoni wiki zao za mwanzo ili karibu vyote viwe madume, maana dume hukua haraka. Jamii ya Labridae, ndugu wa karibu wa pono wa baharini, hawangoji kulishwa chochote. Wengi huanza maisha wakiwa majike, na dume likitoweka, jike kubwa kuliko wenzake linageuka dume, tena likiwa limeshakomaa na kutaga. Ni wazuri mno kwa rangi. Kuwafuga nyumbani ni habari nyingine.

Chumvi nunua ile ya matangi ya bahari, ulenge gramu 35 kwa kilo ya maji. Ya Uvinza iache jikoni. Tangi la bahari linahitaji pia magnesi, kalsi na vingine. Maji ya bomba yana klorini na ya ziwa yana mwani, kwa hiyo tumia yaliyopita kwenye mtambo wa kuchuja. Tangi likae wiki nne hadi sita bila samaki, mpaka amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu wa tangi, zisome sifuri kwenye kipimo. Joto nyuzi 25 au 26.

Kuhusu mchanga, uliza kwanza aina ya samaki unayotaka. Halichoeres na Macropharyngodon, wa jamii hiyo ya Labridae, hujifukia usiku, wape mchanga laini wa sentimita 5 au zaidi. Cirrhilabrus, nao wa jamii hiyo, hujifunika utando wa ute wakilala. Usimtoe mtu kitandani ukidhani ni ugonjwa.

Kifuniko si hiari. Samaki hawa wakishtuka wanaruka, na hupita hata pale waya wa pampu unapopenya. Mwambie fundi alumini akutengenezee fremu yenye wavu mwembamba wa dirishani.

Sasa dume. Hapa ndipo fedha za watu zinapopotelea.

Jamaa mmoja wa Nyegezi alikuwa na Cirrhilabrus, dume moja na majike kadhaa, tangi la lita 250. Usiku umeme ulikatika, ukarudi, taa ya tangi ikawaka ghafla. Asubuhi dume limekauka nyuma ya meza. Akapiga simu Dar siku hiyohiyo kuagiza jingine, kwa sababu dume ndilo lenye rangi na ndilo lenye bei. Mzigo ukachelewa. Huku nyuma jike kubwa likaanza vituko: linatanua mapezi, linawakimbiza wenzake, rangi inakolea pembeni. Yeye akaona ugonjwa, akaulizia dawa.

Haukuwa ugonjwa. Mwaka 1972 mtafiti Robertson alichapisha aliyoyaona kwa Labroides dimidiatus, samaki msafishaji wa jamii hiyohiyo, kwenye miamba ya Australia: dume likiondolewa, jike kubwa huanza tabia za kiume ndani ya saa chache, na baada ya wiki mbili hivi linatoa mbegu za kiume. Mwendo hutofautiana kwa aina, lakini tabia hutangulia, mwili unafuata. Dume ndilo lililokuwa likimzuia jike kwa ubabe wake wa kila siku. Ubabe umeondoka, nafasi imejazwa.

Basi dume la kuagizwa likafika limechoka na safari, limepauka, likamiminwa moja kwa moja kwenye himaya ya lile jike lililogeuka dume. Mapezi yakachanwa, likajibana nyuma ya pampu, halikula tena. Likafa. Fedha ya samaki na ya ndege, yote imezama, wakati dume jipya alikuwa nalo bure ndani ya tangi lake.

Kwa hiyo dume likifa, usiagize kitu. Lisha vizuri, mara mbili tatu kwa siku, kisha subiri. Na mwanzoni usihangaike na “dume na jike” wa muuzaji: chukua wadogo wa aina moja, waingie pamoja, mkubwa atajitokeza mwenyewe. Madume mawili ya aina moja kwenye tangi la sebuleni hapana. Usitegemee pia kwamba dume litarudi kuwa jike ukibadili mawazo.

Labroides dimidiatus mwenyewe mwache baharini. Anakula vijidudu vya kwenye ngozi za samaki wengine, nyumbani wengi hufa njaa.

Pampu ya hewa ya betri iwe tayari, umeme haupigi hodi. Samaki mgeni akae tangi la pembeni kwanza, na bakuli la mchanga kama ni wa kujifukia. Aliyekushinda usimtupe ziwani, atakufa. Waya zote zining’inie chini ya soketi kabla ya kupanda, maji ya chumvi yadondokee sakafuni. Na zima umeme kabla ya kutia mkono, hata kama ni kuokota konokono tu.