Kila kani ina mwenyewe: namna ya kukabili maswali ya kani na mwendo

Nafundisha fizikia kidato cha pili na cha tatu hapa Uyole, Mbeya, na kila muhula naliona jambo lilelile. Mwanafunzi hajamaliza kusoma swali, kalamu imeshaandika F = ma, yaani kani (msukumo au mvuto) ni tungamo (wingi wa kitu) mara mchapuko (jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde). Kisha anawinda namba mbili za kutia humo. Akikuta namba tatu, amekwama. Hesabu anaijua. Asichokijua ni kitu gani kinachozungumziwa, na nani anakisukuma. Namna ninayoieleza hapa itakuongezea dakika mbili kwa kila swali, na dakika hizo zina thamani kuliko fomula zote ulizokariri.

Chagua kitu kimoja. Swali likiwa na kijana, gunia na kamba, amua unashughulika na nani, mchore peke yake kama kisanduku, wengine wote watoe kwenye karatasi. Halafu jiulize: nini kinakigusa? Kila kinachokigusa chaweza kukisukuma au kukivuta, basi kichoree mshale. Mwisho ongeza Dunia, ambayo huvuta kila kitu kuelekea chini bila kugusa. (Sumaku na umeme vina mada zake.) Pembeni ya kila mshale andika sentensi kamili: sakafu inasukuma gunia, kamba inavuta gunia, Dunia inavuta gunia. Mshale usioweza kuutajia mwenyewe, ufute.

Usiidharau sharti hiyo ya mwisho. Daladala inatoka Mwanjelwa, dereva anakanyaga breki ghafla, abiria waliosimama wanakwenda mbele. Wengi humchorea abiria mshale wa kumsukuma mbele. Haya, nani kamsukuma? Konda yuko mlangoni. Kiti cha nyuma hakijamgusa. Mwenyewe hayupo, basi na kani haipo. Gari limepunguziwa mwendo na barabara, abiria bado anao mwendo wake, na ataendelea nao mpaka mkono ushike bomba au kifua kikutane na kiti. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza kati ya tatu alizochapisha Isaac Newton mwaka 1687: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwa mstari ulionyooka na kwa kasi ileile, mpaka kani isiyosawazishwa ikibadilishe.

Sasa tuweke namba. Gunia la viazi la kilo 100 liko kwenye sakafu tambarare ya ghala. Swali likisema utumie 10, yaani nyutoni 10 kwa kila kilo (nyutoni ni kipimo cha kani), Dunia inalivuta kwa nyutoni 1,000. Angalia: kilo 100 ni tungamo, yaani wingi wa viazi vyenyewe, nyutoni 1,000 ni uzito, yaani kani. Sakafu inasukuma juu kwa nyutoni 1,000, kwa hiyo juu na chini tumemaliza. Kijana analivuta mbele kwa kamba iliyolala sambamba na sakafu, kwa nyutoni 450, na msuguano wa sakafu unarudisha nyuma kwa 400. Kinachobaki ni 50. Hiyo 50 ndiyo inayoingia kwenye F = ma, si 450 wala 1,000. Gawanya kwa kilo 100, unapata mchapuko wa mita 0.5 kwa sekunde mraba. Akianza kutoka kusimama, baada ya sekunde 4 gunia linakwenda mita 2 kwa sekunde.

Hapo ndipo ninapowasimamisha darasa zima. Kijana amechoka kidogo, sasa anavuta kwa nyutoni 400 kamili. Gunia litafanya nini? Karibu wote husema litasimama. Kani inayobaki ni sifuri, mchapuko ni sifuri, maana yake kasi haibadiliki: litaendelea kwa mita 2 kwa sekunde hadi mlangoni. Kani haihitajiki ili kitu kiendelee kwenda. Inahitajika ili mwendo wake ubadilike. Kama sentensi hiyo haijakukaa, usiende mbele. Rudi kwenye gunia, chora tena.

Kanuni ya tatu ya Newton inasema kitu kikikisukuma au kukivuta kingine, nacho husukumwa au huvutwa kwa kani iliyo sawa kuelekea upande wa pili; kani hizo mbili ni jozi. Ina kipimo chepesi. Ukitaka kujua jozi ya kani fulani, geuza majina kwenye sentensi yako. Sakafu inasukuma gunia. Jozi yake, gunia linasukuma sakafu. Dunia inavuta gunia. Jozi yake, gunia linavuta Dunia. Basi uzito wa gunia na msukumo wa sakafu si jozi, hata kama namba zinalingana, maana zote mbili zinalipata gunia hilohilo. Jozi za Newton siku zote hugawana vitu viwili.

Mteremko ndio mada ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa watoto wa huku wanauona kila siku: Mlima Nyoka upande mmoja, Iwambi upande wa pili, na malori yamepanga foleni kwenda Tunduma. Chukua lori la tani 30 kwenye barabara inayoshuka mita 6 kwa kila mita 100. Dunia inalivuta kwa nyutoni 300,000, lakini sehemu kubwa ya kani hiyo inalikandamiza lori barabarani. Inayolivuta kuteremka ni takriban 6 kwa 100 ya uzito, yaani nyutoni 18,000. Ili lori lishuke kwa kasi isiyobadilika, vizuizi vyote pamoja lazima vifikishe 18,000 vikielekea juu ya mlima. Upungufu wowote, kasi inapanda.

Sasa zidisha kani hiyo kwa kasi. Kwa mita 10 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 36 kwa saa, unapata jouli (kipimo cha nishati) 180,000 kila sekunde, na nishati hiyo lazima iende mahali. Dereva akiiachia breki peke yake, yote inageuka joto magurudumuni, na breki iliyopata moto kupita kiasi hupoteza uwezo wa kushika. Akishuka kwa nusu ya kasi hiyo, kani ni ileile 18,000 lakini joto la kila sekunde ni nusu. Akiwa kwenye gia namba mbili, injini nayo inabeba sehemu ya kazi hiyo. Nawaomba wanafunzi wangu wenye baba au kaka madereva wakawaonyeshe hesabu hii nyumbani. Wale wazee wanajua kwa mikono yao. Namba zinaeleza kwa nini.

Kona fanya vivyo hivyo. Ukipita kona za mlima Kitonga unahisi unasukumwa nje, lakini mshale wa kwenda nje hauna mwenyewe. Mshale uliopo ni wa barabara, unaosukuma matairi kuelekea ndani ya kona, na mchapuko unaohitajika ni kasi mraba ugawanye kwa nusu kipenyo. Kona ya nusu kipenyo mita 50 kwa mita 10 kwa sekunde inadai mita 2 kwa sekunde mraba. Kasi ikiwa mara mbili, inadai 8, na lami yenye ukungu na mvua haina msuguano wa kulipa deni hilo.

Ukimaliza swali, kagua vipimo: kilo, mita, sekunde. Gramu na kilomita kwa saa zibadilishwe kabla ya kugusa fomula, si baadaye.

Jipime kwa hili. Bajaji na waliomo ni kilo 400, inakwenda mita 10 kwa sekunde barabara tambarare. Dereva anazima injini na hagusi breki. Upepo na matairi vinairudisha nyuma kwa jumla ya nyutoni 200, na tuseme namba hiyo haibadiliki. Chora kwanza. Ukiwa na mshale wa mbele, uliza mwenyewe ni nani, kisha ufute. Mchapuko ni mita 0.5 kwa sekunde mraba kuelekea nyuma. Bajaji itasimama baada ya sekunde 20, mita 100 kutoka pale injini ilipozimwa.